Dereva Asiyekwepa

Kosa langu la kwanza kwa Dereva lilikuwa neno moja. Nilimkuta akisubiri lifti kwenye ukumbi wa jengo letu pale Downsview, Toronto, mzee mrefu mwenye kofia ya turubai iliyopauka, nikamwambia kwa heshima yote niliyofundishwa nyumbani: "Jambo, papa."

Alinikaba. Sisemi kwa mafumbo. Alishika ukosi wa koti langu kwa mkono mmoja, akanigandamiza kwenye mlango wa lifti, na mlango ulipofunguka nyuma yangu nikaanguka ndani chali, naye bado ameshika.

"Jambo?" aliniuliza, uso wake juu ya uso wangu. "Umeona kamera shingoni kwangu? Nimevaa kaptula? Mimi mtalii?"

Sikuelewa. Mimi nimetoka Uvira nikiwa mtoto, na kwetu Kongo mtu akikuambia jambo amekusalimia vizuri. Mama yangu humwambia jambo hata mchungaji. Kwa Mtanzania wa umri wake, nilikuja kujua baadaye, jambo ni neno la kumrushia mzungu anayeshuka kwenye gari la mbugani ili anunue kinyago. Mtu mzima huamkiwa shikamoo. Na huyu alikuwa amebeba watalii maisha yake yote ya kazi. Kumhesabu kuwa mmoja wao ilikuwa sawa na kumtemea mate.

Kinyozi wa Kikenya anayekaa ghorofa ya pili aliona yote. Aliniinua huku anacheka. "Manze, hiyo jambo yako karibu ikuue. Huyo mzee ukimsalimia, sema shikamoo. Halafu simama mbali kidogo."

Mimi ni mtu wa kukosa usingizi kwa kosa dogo. Kiswahili cha kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa kusikiliza redio za Tanzania kwenye simu na kunakili sentensi za watu wanaojua, na kila ukurasa naufuta mara nyingi kuliko ninavyouandika. Kugundua kwamba nilikuwa nimekosea salamu, neno la kwanza kabisa la lugha, kuliniumiza kuliko ile shingo. Kwa siku kadhaa nilimwamkia kila mtu shikamoo, hadi kinyozi, ambaye ni rika langu, akanirushia taulo lenye nywele. "Wacha kunizeesha, wewe!" Dereva naye nilipomwamkia aliitikia marahaba, akanitazama kutoka viatuni hadi utosini, akanibatiza. Tangu siku hiyo hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Jambo.

Jengo zima lilimwita Dereva, ingawa wakati huo hakuwa akiendesha chochote zaidi ya Corolla ya kijivu. Alikuwa ameendesha basi la watalii Australia, kwenye barabara ndefu inayopasua katikati ya bara, kutoka mji wa bandari wa kusini hadi kwenye jangwa jekundu na kurudi. Alifikaje kule, na alitokaje kule akaja Toronto, sikuwahi kusikia. Mtu akimwuliza alijibu, "Kwa barabara," hata kama kuna bahari.

Kabla sijaendelea kumweleza, lazima niseme kwa nini nilimhitaji.

Mama anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate upande wa Vaughan. Zamu yake huanza jua likichomoza, kwa hiyo basi alilisubiri gizani, peke yake, kwenye kituo kilicho mbele ya maghala. Alfajiri moja ya Novemba mwanamume alimjia kutoka nyuma ya kibanda cha kituo akampiga ngumi usoni. Alipoanguka akampiga teke. Hakuchukua mkoba. Hakusema neno. Mama alirudi nyumbani kwa miguu, damu imegandia kwenye skafu, nikamkuta jikoni akitema jino kwenye sinki.

"Alinipiga kama mutu anapiga ukuta," aliniambia. "Hata hakukuwa na kasirani."

Baada ya wiki mbili alirudi kusimama kwenye kituo kilekile, maana kiwanda hakiji kwa mtu. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kumpeleka kwa gari. Sikuwa na leseni. Nilikuwa nimefeli mtihani wa barabarani mara mbili: mara ya kwanza nilisimama kwenye taa ya kijani kwa sababu mtu kando ya barabara alionekana kama anaweza kuamua kuvuka, mara ya pili nilikwepa mfuko wa plastiki uliokuwa ukipeperuka, nikaingia njia ya lori.

Siku Mama alipoanza tena kutoka nje, tulikutana na Dereva kwenye lifti. Aliutazama uso wake, upande mmoja bado wa zambarau, akavua kofia.

"Nani?"

"Sijue, papa."

Akanigeukia mimi. "Wewe una leseni?"

"Sina, mzee. Nilifeli. Nilikwepa mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Wa dukani. Nilidhani paka."

"Na angekuwa paka?" Akanipiga kofi la kisogo, pale pale mbele ya mama yangu, na Mama, mwanamke aliyekuwa ametoka kupigwa, akaitikia kwa kichwa. "Jumapili," Dereva alisema. "Ukitoka kanisani. Njoo na viatu vya soli nyembamba."

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Nilimjua akiwa ameketi kando yangu, na kuketi kwake kulikuwa kwa ajabu. Kwao na Australia dereva huketi kulia. Huku, kiti cha kulia ni cha abiria. Kwa hiyo kila nilipowasha gari, mzee huyu alikuwa ameketi mahali mwili wake ulipojua kuwa ndipo penye usukani. Mikono yake ilipanda yenyewe ikashika hewa. Mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo, kwa nguvu, mpaka zulia la upande ule likatoboka. Nikichelewa kugeuza, alikuwa amekwisha kugeuza yeye, kwenye duara lake la hewa, na kuninyooshea mwiko.

Mwiko ulikuwa wa ugali, wa mti mgumu, aliuweka kwenye mfuko wa mlango. Alinipiga nao vifundo vya vidole nilipobana usukani. "Hii si rozari! Legeza!" Alinipiga goti nilipokanyaga breki bila sababu. Nilirudi nyumbani na mikono imevimba, na Mama akanitabasamia kwa upande wake mzima wa mdomo. "Njo vile. Sasa tuko wawili."

Njia yake ya kufundisha sijaiona popote. Alinikataza kuongea juu ya gari. Nilitakiwa kutangaza vivutio, kama yeye alivyokuwa akitangaza kwenye kipaza sauti cha basi lake. Mtaa wa maghala nyuma ya jengo letu, ambao Jumapili huwa mtupu, ulikuwa ndiyo ile barabara ya Australia. Alikuwa ameugawa wote kwa vivutio vya kule.

"Mbele kuna nini?"

"Taa, mzee, na kibao cha—"

Mwiko. "Watalii wamevuka bahari kuja kuona kibao? Mbele kuna nini?"

"Mabibi na mabwana, kushoto kwenu ni mji ambao watu wake huishi chini ya ardhi."

"Sema kwa nini."

"Kwa sababu ya joto. Na kwa sababu walishachimba mashimo kutafuta mawe ya thamani."

"Haya. Endelea. Umeona lori hilo?"

"Nimeliona."

"Hujaliona. Umeambiwa na mimi."

Mji wa chini ya ardhi ulikuwa ghala la vyakula vya barafu, jengo lisilo na dirisha hata moja. Ziwa la chumvi lilikuwa uwanja wa kuegesha matrela. Na mwisho wa mtaa, nyuma ya uzio wa manispaa, lilikuwepo lundo kubwa la chumvi ya kumwagwa barabarani wakati wa theluji, refu kama nyumba ya ghorofa tatu. Hilo alilipa heshima ya Jiwe, ule mlima mwekundu wa jiwe moja katikati ya jangwa ambao dunia nzima huenda kuupiga picha. Tulipolikaribia alishusha sauti. "Halipandwi," alisema kila Jumapili, kana kwamba mimi ningetaka kupanda chumvi ya manispaa. "Wenyewe wamesema halipandwi."

Aliniambia kwamba anayetaja anachokiona hana nafasi ya kuogopa asichokiona. Nilipinga kimoyomoyo, maana mimi nina nafasi ya vyote. Lakini kufikia Jumapili ya nne au ya tano niligundua kuwa nilikuwa nimezunguka mtaa mzima bila kugusa breki bure.

Vivutio vyake havikuwa vile vya kwenye vipeperushi. Alivikumbuka kwa damu. Mji wa chini ya ardhi, kwa mfano, umezungukwa na maelfu ya mashimo ya wachimbaji, yasiyofunikwa, na kuna vibao vinavyowakataza watu kurudi kinyumenyume. Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa akirudi kinyumenyume na kamera yake ili wenzake wote waingie kwenye picha. Dereva alimwona akiwa amebakiza hatua. Hakupiga kelele. "Ukimpigia mtu kelele, anaruka. Ataruka wapi?" Alimrukia yeye, akambwaga kifudifudi kwenye changarawe kwa uzito wake wote, na mfupa wa mtulinga wa bibi yule ukavunjika kwa mlio ambao watu wote waliusikia. Shimo lilikuwa hapo, karibu na kisigino chake. Alichungulia, akaona, na bado akamshtaki.

"Ulijisikiaje?" nilimwuliza.

"Nilisikia mfupa," alisema.

Palikuwa na tai. Kule wanyama wanaogongwa ni wengi, na tai wakubwa hushuka kuwala katikati ya lami, wakishiba wanakuwa wazito, hawawezi kuruka upesi. Mmoja aliinuka mbele ya basi lake akiwa amechelewa. Alipasua kioo cha mbele, akaingia mzima ndani, mabawa yake mapana kuliko kijia cha katikati ya viti, akawa anapiga, anararua, damu yake na damu ya abiria wa kiti cha kwanza zimechanganyika, watu wanalia kwa lugha zote. Dereva alisimamisha basi kwanza, taratibu, kwenye mstari ulionyooka. Ndipo akageuka, akamfunika tai kwa koti lake na kumvunja shingo kwa mikono.

"Kwanza gari lisimame," alinifundisha. "Halafu ndiyo uwe na hofu. Hofu haipotei, itakusubiri."

Hata vitu vya kuchekesha alivisimulia vikaishia hapo hapo. Waaustralia, alisema, wana tabia ya kujenga wanyama wa saruji wakubwa kuliko nyumba, kando ya barabara, ili wageni wasimame. Alisimama kwa kondoo mmoja wa namna hiyo, ghorofa nzima ya kondoo, watalii wakawa wanaingia tumboni na kutokea machoni. Ulikuwa mwaka wa ukame. Ng'ambo ya uzio mwenye shamba alikuwa akipiga risasi kondoo wake mmoja mmoja, wale wa kweli, waliokuwa wamebaki mifupa. Watalii walikunja nyuso wakamwomba Dereva aende amwambie yule bwana angoje kidogo, kelele zinaharibu video.

"Ulimwambia?"

"Nilienda. Nikamshikia kondoo."

Nadhani mtu akisoma hapa atafikiri Dereva alikuwa mkatili, na mimi mwenyewe nimeifuta sehemu hii mara nyingi kwa hofu hiyo. Alikuwa mkali, ndiyo. Alimpiga mtalii mmoja kwa sababu alikojoa kwenye ubavu wa Jiwe, mahali wenyewe wa nchi ile wanapopaheshimu kama watu wanavyoheshimu kaburi. Alimpiga "kofi moja la Kiswahili," kisha mengine ambayo hakuyatajia lugha, na kazi ikaishia hapo. Lakini mzee huyohuyo alikuwa akitoa buibui bafuni kwa kikombe. Nyama hakuigusa. Na kwenye buti la Corolla, huku Toronto ambako hakuna kangaruu hata mmoja, alikuwa bado anabeba vitu viwili vilivyokunjwa pamoja kwenye taulo: nyundo, na foronya ya mto.

Nyundo nilielewa. Foronya ilibidi nimwulize.

"Ukimgonga jike," alisema, "ukishammalizia, tia mkono kwenye mfuko wa tumbo. Kama kuna mtoto, mtazame. Akiwa na manyoya, mtie kwenye foronya, mvae kifuani ndani ya shati, apate joto. Endesha hivyohivyo mpaka ufike kwa wanaowalea. Nimewahi kuendesha siku nzima na mtoto wa kangaruu hapa," akagusa kifua, "na mama mmoja nyuma yangu analalamika kwamba shati langu lina damu."

"Na asipokuwa na manyoya?"

"Asiye na manyoya haponi. Unammalizia naye. Kwa kidole gumba. Jambo, taa imekuwa kijani."

Neno hilo, kumalizia, alilitumia bila kupepesa, na mimi liliningoja usiku. Mimi ni mtu asiyemalizia kitu. Nina kurasa za kwanza nyingi, kurasa za mwisho sina.

Sheria yake kuu, hata hivyo, ilikuwa nyingine: usikwepe. Mnyama akikatiza, shika usukani wima, kanyaga breki, mgonge. Aliijua kutokana na asubuhi moja ambayo alikuta gari la familia limepinduka mbele yake, magurudumu bado yanazunguka. Baba alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye mkanda, amekufa. Mama yao alikuwa hai, akiuliza viatu vya mtoto viko wapi. Viatu vilikuwepo, vimevaliwa. Alama za matairi zilionyesha kila kitu: baba aliona kangaruu, akamhurumia.

"Na kangaruu?"

"Alikuwa kando pale, anakula majani."

Mtalii mmoja alishuka akapiga picha. Dereva aliikanyaga ile kamera, na nadhani alikanyaga na vidole vilivyokuwa vimeishika.

Mwezi Oktoba wa mwaka uliofuata, wiki mbili kabla ya mtihani wangu wa tatu, alitangaza kwamba mtaa umekwisha na sasa tutakwenda safari ya mikoani. Alisema mtu hajaendesha mpaka atoke mjini. Akasema Mama naye aje, kwa sababu basi lisilo na abiria ni mkebe tu. Alimwita Mama Jambo. Mama alimwita Papa Shofere. Alikuja na mandazi kwenye bakuli la plastiki, akaketi nyuma, akafunga mkanda kama mtu anayefungwa kwa upasuaji.

Tulipita Vaughan, tukaacha barabara kuu, tukaingia zile za mashambani zinazopanda kaskazini. Majani yalikuwa mekundu na ya manjano. Nilitangaza. Ghala la nafaka likawa kondoo wa saruji. Kidimbwi cha bata kikawa ziwa la chumvi. Mama alikuwa akicheka nyuma yangu, kicheko chenye pengo la jino, na nikakumbuka kwamba sikuwa nimekisikia tangu Novemba.

"Papa Shofere, na kule kuna watu ao kuna manyama tu?"

"Kuna watu, Mama Jambo. Wanyama wana adabu zaidi."

Kulungu alitoka kwenye mahindi makavu upande wa kulia. Nilimwona mzima, kwato mpaka masikio. Najua nilimwona kwa sababu nilisema, "Kulia kwenu, kulungu," kwa sauti ileile ya kutangaza. Mikono yangu ilitaka kwenda kushoto. Kushoto palikuwa na mtaro, na Mama alikuwa ameketi upande huo. Nilishika wima. Nilikanyaga. Kando yangu mguu wa mzee ulikanyaga zulia kwa mshindo uleule.

Mgongano haukuwa na sauti niliyoitarajia. Ulikuwa kama gunia la unga limetupwa kutoka ghorofani. Taa moja ilipasuka, boneti likakunjika, gari likasimama kwenye mstari wake. Mandazi yalikuwa yametapakaa kwenye kioo cha mbele.

"Mama?"

"Niko. Niko mzima."

Kulungu hakuwa amekufa. Alikuwa kwenye changarawe, anajaribu kusimama kwa miguu ya mbele. Ya nyuma ilikuwa inaburuzika, mfupa mmoja umetoka nje, mweupe. Alikuwa akilia. Sikujua kwamba wanalia. Nikiri jambo la aibu: nilichowaza wakati ule ni mtihani. Niliwaza kama hili litaandikwa mahali.

Dereva alikwisha kufungua buti. Alikuja na nyundo, akapiga goti karibu na kichwa, akainua mkono. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho miezi yote ile nilikuwa nimeketi kando yake bila kukiona, kwa sababu nilikuwa natazama barabara kama alivyoniambia. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka kwa baridi. Ulitetemeka kama una mtu wake mwingine ndani.

Alipiga. Nyundo ikatua kwenye taya. Taya likavunjika, mnyama akapiga ukelele nisioweza kuuandika, damu ikamrukia mzee machoni. Alipiga tena, akapata sikio. Mara ya tatu nyundo ilimtoka mkononi ikaangukia majani.

"Jambo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Malizia."

Niliiokota. Ilikuwa na joto. Nilisimama juu ya kulungu yule, jicho lake moja likanitazama, na nikatoa simu mfukoni ili nitafute mahali sahihi pa kupiga. Sitanii. Nilitaka kupiga pigo sahihi. Vidole vyangu vyenye damu vilikuwa vinateleza kwenye kioo.

"Unasoma?" Dereva alinipigia kelele. "Anakufa, wewe unasoma?"

Mama aliichukua nyundo mkononi mwangu. Hakuninyang'anya, aliichukua kama anavyochukua kisu jikoni nikikata vitunguu vibaya. Alivua skafu, akafunika nayo jicho la kulungu, akapanga miguu yake, akapiga mara moja, katikati ya macho na masikio.

Kimya kilikuja chote kwa pamoja.

"Bon," alisema. "Imekwisha. Pole, mama." Alikuwa anamwambia kulungu. Akafuta nyundo kwenye majani, upande huu na upande huu.

Sikumwuliza alijifunzia wapi pigo lile. Tulitoka Uvira usiku, nikiwa mgongoni kwake, na kuna mambo ya safari ile ambayo hayajawahi kutajwa mezani kwetu. Sijamwuliza hadi leo.

Dereva alikuwa bado amepiga magoti. Mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya tumbo la kulungu, ukapapasa, ukatafuta. "Hana mfuko," alisema, kama mtu anayeamka. Halafu akainua uso wenye damu, akamtazama mama yangu, ambaye angeweza kuwa binti yake, akasema, "Shikamoo."

Kwao hilo halifanyiki. Mkubwa hamwamkii mdogo. Mimi nililijua, nilikuwa nimesoma kila kitu. Mama hakulijua, na hakujua kuitikia marahaba. Alijibu kwa neno la kwetu, kwa heshima kabisa:

"Jambo, papa."

Dereva alimtazama. Kisha akacheka, akapangusa macho kwa kiwiko, akaitikia: "Jambo, mama. Jambo sana."

Polisi kijana aliyekuja aliuliza nani amemuua. "Mimi," alisema Dereva. "Apana, ni miye," alisema Mama. Yule kijana aliwatazama wote wawili, akatazama mikono yangu na simu yangu, akaandika kwamba mnyama alikufa kwa ajali. Tukarudi na taa moja. Njia nzima Dereva alisema sentensi moja tu: "Hukukwepa."

Nilifaulu mtihani. Mkaguzi alinitajia makosa sita, na moja lilikuwa kwamba nilikuwa naongea peke yangu.

Majira ya baridi yaliyofuata Dereva alihamia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ule mtetemeko wa mkono ulikuwa umehamia mwili mzima, kisha ukaanza kula kumbukumbu. Corolla aliniachia mimi, na vitu vyote vya kwenye buti. Kinyozi alinionya nisiende. "Hata mimi hakunijua, buda. Alipigana na mimi juu ya kikombe. Alinirarua hapa."

Nilikwenda Jumapili moja ya Machi, nikaomba ruhusa ya kumtoa kwa saa moja. Muuguzi alinionyesha alama ya meno kwenye mkono wake kabla ya kuniambia sawa. Nilimfunga mkanda kwenye kiti cha kulia. Nilimwamkia shikamoo na hakuitikia. Alikuwa anatazama dirisha kama mtu aliyefika nchi ya watu. Alikuwa na kofia yake. Mtu alikuwa amemvisha, sijui kwa nini, kamera ya kuchezea shingoni.

Niliingia mtaa wa maghala. Mikono yake ikapanda, ikashika hewa, na ilipoishika ikaacha kutetemeka. Akanigeukia. Uso wake ulikuwa na ile furaha ya adabu ya watu walioshuka kwenye ndege jana.

"Jambo, dereva," aliniambia. "Leo kuna vivutio gani?"

Ningeweza kumsahihisha. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kusahihisha. Nilisema, "Jambo, mzee. Karibu. Kushoto kwenu ni mji ambao watu wake huishi chini ya ardhi." Nikamweleza kwa nini. Nikamwonyesha ziwa la chumvi, nikamsimulia habari za tai, naye akashtuka kwenye sehemu za kushtusha na kuuliza kama dereva aliumia. Nilisema hapana. Tulipofika mwisho wa mtaa alinyanyua ile kamera ya plastiki.

"Lile tunaweza kulipanda?"

"Halipandwi," nilisema. "Wenyewe wamesema halipandwi."

Akaishusha kamera, akavua kofia.

Siku hizi naamka kabla ya jua, nampeleka Mama kazini. Bado naogopa, na huwa nataja ninachokiona, naye huniitikia kutoka kiti cha kulia. Kituo kile tunakipita. Hasimami tena pale.